Kaseti ya Dakika Tisini

Hitma ya Swaleh ilisomwa mwezi uliopita nyumbani kwake, mtaa wa Barani hapa Malindi, baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikuwa barazani na misahafu, na sisi wanawake tulikuwa ua wa nyuma tukichambua mchele wa pilau na, kama ilivyo ada ya ua wa nyuma, tukimchambua na marehemu. Hakusemwa kwa ubaya. Kilichowashughulisha ni kile kile kilichowashughulisha alipokuwa hai: ilikuwaje mtu mwenye kazi Jeddah, duka kubwa la vipuri vya magari, chumba chenye kiyoyozi, akafunga sanduku siku moja akarudi Malindi kuuza misumari na bawaba? Mmoja alisema alishikwa na hamu ya kwao. Mwingine akasema hamu gani, hayo yalikuwa mambo ya makaratasi, ila familia ilificha. Mimi niliinamia ungo wangu nikatafuta mawe yasiyokuwemo. Kwa mtu aliyekula mshahara wa serikali zaidi ya miaka thelathini kwa kufundisha Historia, kunyamaza mbele ya swali ambalo jibu lake unalo ni aibu. Najua kwa nini Swaleh alirudi. Mamake alimwambia arudi. Najua pia kwamba kabla ya hapo mamake huyo huyo alimwambia asirudi, na neno hilo la kwanza halikumfikia kwa sababu yangu mimi.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa chuo kikuu, katikati ya miaka ya themanini. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika huko nitaziruka, si za ajabu. Nilikuwa nasoma Historia na Fasihi kule Nairobi, na nilikaa chumba kimoja na Kadzo, msichana wa Tezo aliyekuwa anasoma Falsafa na ambaye hakuna jambo alilolikubali kabla ya kuligeuza pande zote. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, na dirisha lililotazama jiko la bweni, kwa hiyo saa tano asubuhi tulikuwa tunajua kwa pua kama mchana ni maharagwe au kabeji. Kadzo alikuwa na jiko la umeme la magendo alilolificha ndani ya sanduku la nguo. Jumapili tulilitoa tukapika mbaazi kwa nazi tuliyoikuna wenyewe, tukapachika taulo chini ya mlango ili harufu isitusaliti. Hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko darasani. Kadzo aliweza kushika kijiko hewani robo saa nzima akiuliza kama mtu anaweza kusema kweli akijua anasikilizwa. Mimi nilikuwa na njaa, nikamwambia ale.

Mwaka huo kila mwanafunzi wa Historia alitakiwa kwenda kwao wakati wa likizo ndefu, awahoji wazee, kisha aandike tasnifu. Mwalimu wetu tulimwita Daktari tu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye chaki kwenye mikono yote miwili ya koti, na alikuwa na neno moja alilolirudia hadi tukaliota: chanzo. Kila kitu kilikuwa chanzo. Ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza chanzo chako ni kipi. Aliniazima mashine ya idara ya kunasa sauti, nzito kama tofali, na kaseti nne za dakika tisini; nami nilikuwa na karatasi ya maswali ishirini na sita niliyoiandika kwa fahari. Nilitaka kujua watu wa visiwa vya kaskazini walivyohamia Malindi miaka ya sitini. Nilitaka pia, nisidanganye, kuwa wa kwanza katika darasa lile.

Nilimchagua Bi Mwanakheri, jirani yetu, mjane aliyekuja Barani kutoka visiwani akiwa na Swaleh mgongoni. Alikuwa akishona kofia. Ukiingia ukumbini kwake ulimkuta kwenye mkeka, mgongo ukutani, kofia gotini, sindano ikienda yenyewe huku macho yake yakikutazama wewe. Ukumbi ulikuwa na mambo machache na yote safi: kitanda cha kamba, kasha, na juu ya kasha redio ya kaseti iliyoletwa na Swaleh kutoka Uarabuni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Siku hizo nyumba nyingi za Barani zilikuwa na redio kama ile, na si kwa ajili ya muziki. Wana na waume waliokuwa Jeddah, Dubai na Maskati walituma barua za kaseti. Kaseti ikifika, nyumba nzima ilikaa ikasikiliza, kikohozi cha mtu na sauti za magari ya huko nyuma yake, kisha ikageuzwa na kujibiwa: mama kwanza, halafu wadogo, halafu jirani aliyepita kuomba chumvi naye akavutwa mkono atie salamu. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na kwa kuwa lilikuwa la kawaida, mimi msomi sikuliona.

Siku ya kwanza nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kwa kirefu. Nilimwambia sauti yake itapelekwa chuo kikuu na itasikilizwa na walimu wakubwa, kwa sababu Daktari alitufundisha kwamba mhojiwa ana haki ya kujua. Kisha nikabonyeza kitufe nikasoma swali la kwanza: ni sababu zipi za kijamii na za kiuchumi zilizowafanya mhame? Bi Mwanakheri alifikiri. Akasema, Mungu alipenda. Nikasoma la pili, nani aliwaongoza. Akasema, Mungu. Kufika la tisa tulikuwa tumemaliza dakika nne, na yeye ndiye aliyeanza kunihoji mimi: kama ni kweli Nairobi wanaume na wanawake wanalala jengo moja, na kama mwalimu akikosea mwanafunzi anaruhusiwa kumwambia. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu aliniandalia mkate wa sinia na chai ya tangawizi, kwa kunihurumia nafikiri, na nilipokuwa nakula akaigusa mashine kwa kidole.

"Hii yako inashika sauti?" akauliza.

Nikamwambia inashika.

"Yangu inasema tu, haishiki tena. Kitufe chekundu kimekufa. Na Swaleh ana swali kwangu tangu mwezi wa sita, hajajibiwa."

Akanieleza. Mkataba wa Swaleh ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka. Tajiri wake alitaka kumpa mwingine, wa miaka mitano, na Swaleh alikuwa amemwuliza mamake kwa kaseti: nitie sahihi, au nirudi? Barua ya kuandikiwa na jirani hakuitaka, maana jirani ana mdomo. Akaniomba nimtilie jibu lake kwenye mashine yangu, kisha niipeleke kaseti posta. Na ndani ya jibu hilo, akasema, atamsimulia Swaleh habari za kuhama zote, kwa kuwa Swaleh alihama akiwa mchanga na hajui lolote, nami nitapata ninachokitaka. Nilikubali kabla hajamaliza. Niliona nimegundua njia mpya ya utafiti.

Kesho yake nilimkuta ameoga, amevaa kanzu yake ya Idi, na chetezo cha udi kinafuka pembeni. Kwa kaseti, kitu kisichoona wala kisichonusa. Nikaandika jambo hilo kwenye daftari langu: mapenzi ya mama. Alianza kwa salamu, akataja kila mtu wa mtaa kwa jina lake, kisha akasimulia pande zote mbili za kaseti bila kukatika isipokuwa adhana ilipoita. Alisimulia usiku walioamua kuondoka, ubishi wa nani abebe cherehani, mwanamke wa Magarini aliyewapa mbegu za mahindi na kuwacheka walipozipanda karibu karibu kama wanashona. Maswali yangu ishirini na sita yote yalijibiwa, na mengine mia ambayo nisingekuwa na akili ya kuyauliza. Mwishoni sauti ilishuka. Alisema: "Usirudi kwa ajili yangu, Swaleh. Tia sahihi. Huko ndiko riziki yako. Mimi nina watu, nina kofia zangu, sikosi kitu. Nimekuwia radhi." Nilizima mashine nikiwa nalia, na huku nalia nilikuwa najua tayari kwamba nimeshapata alama.

Nilirudi Nairobi na kaseti ile kwenye mkoba wa kifuani. Mpango ulikuwa rahisi: mjini kulikuwa na duka la kunakili kaseti, ninakili, nakala inabaki kwangu, yenyewe inakwenda Jeddah. Kadzo aliniuliza siku ya kwanza kama nimeipeleka. Nikamwambia Alhamisi kuna semina, nikitoka hapo. Alinitazama, akaniambia, "Ile ni barua ya mtu. Ipeleke kwanza, ndipo uisome." Sikumsikia. Duka lilikuwa kule chini mjini, mvua ilikuwa inanyesha, na ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kitu kiharibike kabla Daktari hajasikia.

Alhamisi wakasikia. Tulikuwa watu kama kumi na wanane katika chumba kidogo cha ghorofa ya tatu, na kwa saa moja na nusu hakuna aliyesogeza kiti. Ilipofika "nimekuwia radhi," mvulana mmoja wa Kisii, aliyekuwa na desturi ya kulala katika semina, alitoka nje akarudi macho mekundu. Daktari alivua miwani. Akasema tumesikia kitu adimu, chanzo kisichojua kuwa ni chanzo, mama anayezungumza na mwanawe na si na mtafiti. Akaichukua kaseti aiweke kwenye kabati la idara, mahali salama, mpaka wiki ijayo. Nilimpa. Ningeweza kusema la, na sikusema, kwa sababu nilikuwa nimesifiwa mbele ya watu. Jumatatu iliyofuata wanafunzi walikorofishana na wakuu, askari wakaingia, na chuo kikafungwa. Tulipewa saa mbili tuwe tumeondoka. Kadzo alilifunga jiko lake ndani ya leso likiwa bado la moto. Idara ilikuwa na kufuli.

Basi nikajikuta Barani tena, mwanafunzi bila chuo, kila Ijumaa nikienda kwa chifu kutia sahihi kuonyesha kwamba sijatoroka. Njia ya kwenda kwa chifu ilipita mlangoni kwa Bi Mwanakheri. Ijumaa ya kwanza aliniuliza kama kaseti ilikwenda. Nikasema ilikwenda. Ya pili akauliza Jeddah ni siku ngapi kwa posta. Nikamwambia posta ya siku hizi mtu hajui. Ya tatu nilipita njia ya nyuma, kwenye vichochoro vya mbuzi, nikajidharau. Ilikuwa Desemba. Nilihesabu kwa vidole: Swaleh alikuwa amebakiwa na wiki tatu za kutia sahihi au kutotia, na alidhani mamake hakumjibu. Niliwaza niandike barua mwenyewe, nimwambie mamako kasema tia sahihi. Lakini nani mimi? Mwana atafuata neno la mtoto wa jirani? Ijumaa ya nne niliingia.

Alikuwa anachambua dagaa. Nilimwamkia, nikakaa sakafuni badala ya mkekani, nikamwambia yote: semina, kabati, kufuli, uongo wa Ijumaa mbili. Nilitarajia anifukuze. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Wangapi waliisikia?"

Nikamwambia kumi na wanane, na mwalimu.

"Na mwalimu alisemaje?"

"Alikusifu sana, Bi Mwanakheri. Hasa pale mwisho, ulipomwambia asirudi."

Akacheka. Si kicheko cha hasira, ni kile cha mtu aliyesikia habari zake mwenyewe zimezunguka mji na kurudi zimevaa joho. Akanawa mikono, akaja akakaa karibu yangu.

"Mwanangu, wewe si uliniambia watasikia wakubwa wa chuo? Mimi niende mbele ya wakubwa wa chuo nikimlilia Swaleh, kama mtoto aliyenyimwa andazi? Nilioga. Nilivaa. Nikasema maneno ya kuvaa. Ulipoondoka sikulala siku mbili. Nilisema moyoni asije akanitii."

Sijui niseme vipi nilivyojisikia. Aibu ilikuwemo, lakini juu ya aibu kulikuwa na kitu kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni. Udi, kanzu ya Idi, sauti iliyoshuka mwishoni: yote niliyaona kwa macho yangu, nikayaandika kwa mkono wangu, na nikayasoma kinyume. Watu kumi na wanane na Daktari wao walikuwa wamelia mbele ya mwanamke aliyevaa rasmi. Nilimkumbuka Kadzo na kijiko chake hewani. Nilimwuliza Bi Mwanakheri kwa nini basi hakukitengeneza kitufe chake chekundu, fundi wa redio si yuko pale karibu na soko. Akasema, kingepona ingembidi aseme.

Niliibeba redio ile kichwani mwenyewe, na kitambaa chake, hadi kwa fundi. Aliifungua, akatoa vumbi na kombamwiko mmoja mkavu, akakaza waya mdogo kama unywele. Kazi ya nusu saa. Nilirudi nayo jua likiwa la utosi. Bi Mwanakheri alikuwa jikoni, ana unga wa chapati hadi kwenye viwiko, leso kuukuu ya kushindia, kichwa wazi. Nikadhani ataomba maji ajisafishe. Akaniambia niiweke pale pale kwenye kinu kilichopinduliwa, nibonyeze, nitoke nje. Nilitoka, lakini mimi ni mtafiti, nilisimama nyuma ya mlango. Hakutaja salamu hata moja, wala jina la mtu. Nilisikia mafuta yakilia kwenye chuma. Kisha nikasikia: "Swaleh. Ni mamako. Sitaki mkataba. Rudi, baba, nimechoka kula peke yangu." Halafu chapati ikageuzwa. Halafu akaniita nije nizime.

Kaseti hiyo ilikwenda wiki hiyo hiyo na mama mmoja wa mtaani aliyekuwa anakwenda umra, na mwezi wa pili Swaleh alikuwa Barani na sanduku lake. Chuo kilipofunguliwa nilimwuliza Bi Mwanakheri kama naweza kuandika yale aliyoniambia siku ya dagaa. Akakataa. Ile ya kwanza ni ya chuo, akasema, waachie, ni nzuri. Hii nyingine ina mwenyewe. Nikaiandika tasnifu yangu kwa ile ya kwanza, chanzo kisichojua kuwa ni chanzo, na nikapata alama za juu kuliko wote. Kadzo peke yake nilimwambia, kwa minong'ono, kitandani. Hakusema "nilikwambia." Aliuliza tu, kwa udadisi wake ule, kama sasa nina hakika kwamba ya pili ndiyo ya kweli, kwa kuwa nilikuwa nyuma ya mlango, na huenda mama alijua nipo. Nimelifikiria swali hilo maisha yangu yote ya kufundisha. Idara ilinirudishia kaseti nilipomaliza, nikaja nayo Malindi.

Bi Mwanakheri aliishi na mwanawe miaka kumi na mmoja, akafa akiwa na wajukuu watatu na macho yasiyoona tena tundu la sindano. Miaka michache baadaye, asubuhi moja ya Jumamosi, Swaleh alikuja kwangu. Alikataa kukaa ndani, akasimama barazani akikunja na kukunjua karatasi ya duka. Alisema amesikia kwa watu kwamba zamani nilimnasa mamake sauti kwa ajili ya masomo. Alikuwa na ile moja tu aliyopelekewa Jeddah, akasema, na aliicheza mara nyingi mno, na mwaka uliopita mashine iliitafuna. Hata hivyo ilikuwa fupi sana, haikufika dakika. Alitaka tu wanawe wasikie nyanya yao alikuwa anazungumza vipi. Nilimtazama. Kaseti ilikuwa chumbani, hatua kumi kutoka tuliposimama, dakika tisini za mamake akitaja mtaa mzima na mbegu za mahindi na nani alibeba cherehani, na mwisho wake ukimwambia abaki alikokuwa. Alikuwa ametupa maisha yake ya Jeddah kwa neno moja, na hakuwahi kulijutia kwa sababu alijua ndilo neno pekee. Ningeweza kuukata mwisho ule kwa mkasi, jambo hilo lilinijia alipokwisha kuondoka. Wakati ule nilimwambia ilipotea chuo kilipofungwa. Akasema basi, hapana neno, akanishukuru kwa kumkumbuka mamake, akaenda kufungua duka lake.